Mwaka Arap Mitei Alipokuwa Kofia Tu

Tangu ijulikane kwamba ninastaafu mwezi wa nane, chai yangu inafika ofisini ikiwa vuguvugu. Hakuna aliyeamua iwe hivyo. Cheptoo wa jikoni bado ananipenda na bado ananiita Madam, lakini siku hizi anaanza kwa naibu wangu, kwa kuwa ndiye atakayebaki, kisha anawapitia walimu, na mwisho ananikumbuka mimi. Nikiingia stafurumu mazungumzo hayakatiki kama zamani. Ratiba ya muhula ujao imeshapangwa na sikuulizwa. Juzi nilimwambia mwalimu mmoja kijana asiegeshe pikipiki yake kwenye ngazi za darasa la nne, akanijibu kwa heshima zote, sawa Madam, na kesho yake ilikuwa palepale kwenye ngazi, tena imepigwa kitambaa ikang'aa. Sikukasirika. Nilifunga mlango nikacheka peke yangu, halafu nikajiambia maneno ambayo sikuwa nimeyatamka kwa zaidi ya miaka thelathini: Cherono, sasa wewe ni kofia tu.

Msemo huo ni wa upande wa Londiani, na sijausikia mahali pengine, si hapa Silibwet wala kwetu Boito. Ulitumiwa kwa mtu wa serikali aliyebakisha miezi michache: chifu, naibu wa chifu, diwani, hata mbunge. Muhuri bado anao, ofisi bado ni yake, kofia yenye beji anaivaa kila asubuhi, lakini watu wameshaanza kumtazama yule atakayekuja. Ukitaka kumpelekea kesi ya mpaka wa shamba, jirani alikushika mkono akasema, huyo ni kofia tu, ngoja mwingine. Halikuwa tusi. Aliyepigiwa kura akashindwa walisema ameenda nyumbani, na hilo walilisema kwa kelele na vicheko. Kofia tu lilisemwa kwa sauti ya chini, mara nyingi kwa huruma, tena na watu waliompenda mwenyewe. Nadhani ndiyo sababu lilikuwa neno baya. Tusi mtu anaweza kulijibu, lakini utamjibu nini mtu anayekuhurumia?

Basi wiki hiyohiyo ya pikipiki, Kiprono alinipigia simu kwamba baba yake, arap Mitei, amefariki akiwa mzee sana, usingizini, na mazishi ni Ijumaa. Arap Mitei alikuwa naibu wa chifu mahali nilipoanza kazi ya ualimu. Nilimpa pole, nikaweka simu mezani, nikalia mpaka kengele ya mapumziko ikagongwa. Ukweli ni kwamba sikuwa nikimlilia yeye. Nilikuwa nikimlilia Baba Njeri, mwenye nyumba wangu, ambaye sikupata nafasi ya kumlilia wakati wake.

Nilifika kule mwanzoni mwa mwaka wa tisini na mbili, mwalimu asiye na mafunzo, nina sanduku la bati na kifurushi cha majani ya chai ambacho mama alikifunga kwa gazeti kana kwamba Londiani hawanywi chai. Nilipangishwa chumba nyuma ya duka la Baba Njeri. Familia yao ya Kikuyu ilikuwa imetoka upande wa kati zamani, ikanunua shamba dogo, ikafungua duka, na wakati huo walikuwa wamezika wazazi na mtoto mmoja katika udongo uleule. Chumba chenyewe kilikuwa cha mbao, na ukuta mmoja ulipakana na duka, kwa hiyo usiku na mchana nilinusa mafuta ya taa, sabuni ya mche na vitunguu. Nilikitumia pamoja na Njeri, binti yao, aliyekuwa wa rika langu na aliyekuwa akingoja kuitwa chuo cha uuguzi. Tulilala kitanda kimoja, tukigombania blanketi, kwa sababu baridi ya Londiani haina adabu. Jioni Mama Njeri alituita jikoni, akatupakulia mukimo wa viazi vya shambani na majani ya malenge, na kila mara aliniuliza kama kwetu Boito watu hula kweli au wanachuma chai tu. Alijua jibu. Alipenda tu kunisikia nikitetea kwetu.

Kila Jumamosi mchana arap Mitei alikuja kumtembelea ng'ombe wake. Lazima nieleze hapa. Sisi Wakipsigis tuna desturi tunayoiita kimanagan: unampa rafiki ng'ombe wako amtunze kwake. Maziwa ni yake, samadi ni yake, lakini ng'ombe anabaki wako, na yule aliyepewa humtunza kuliko wake mwenyewe, kwa sababu akipotea au akifa kwa uzembe, urafiki umekufa naye. Kwa kawaida tunapeana sisi kwa sisi. Arap Mitei alimpa Baba Njeri. Alikuwa ng'ombe mkubwa wa madoa meusi na meupe, wa kizungu nusu, na Mama Njeri alimwita D.O., kama afisa wa wilaya, kwa sababu ya mwendo wake na kwa sababu hakupenda kusubiri chakula. Banda lake lilikuwa nyuma kabisa ya nyumba, karibu na lango la pili, na lilikuwa kavu kuliko chumba changu. Arap Mitei akifika alivua kofia, akaiweka juu ya debe, akamshika D.O. shingoni, kisha wale wazee wawili wakaketi dukani wakinywa chai na kubishana juu ya mambo ambayo walikuwa wameyabishania miaka yote. Mimi nilikuwa nikisahihisha vitabu upande wa pili wa ukuta, nikisikia kila neno.

Mwezi wa pili ikajulikana kwamba arap Mitei amefikisha umri wa kustaafu na mwisho wake ni mwezi wa sita. Niliona kwa macho yangu jinsi mtu anavyogeuka kofia tu, na mwanzoni ilinichekesha. Waliotangulia kujua walikuwa akina mama wapika chang'aa, pombe haramu, wa kule bondeni. Zamani arap Mitei akionekana kilimani, mitungi ilizikwa, moto ukamwagiwa maji, na kila mama akawa anachambua mboga. Sasa alishuka bondeni, moshi ukaendelea kupanda, na mama mmoja akamletea kiti. Alituambia mwenyewe, akicheka huku akijipiga goti, kwamba alipowauliza kama hawamwogopi, walimjibu kwamba wanamwonea huruma kutembea hivyo kwenye jua. Kisha wazee wa kijiji wakawa hawasimami akipita. Kisha kesi zikakoma. Ofisi yake ya mabati, iliyokuwa na benchi limejaa watu kila Jumatatu, ikawa ni mahali pa kuku kujikinga na mvua.

Hedimasta wetu, ambaye hakuachana na redio yake ya idhaa za ng'ambo, alisikia tukiongea juu ya jambo hilo wakati wa chai. Akatueleza kwamba Wazungu nao wana jina la mtu kama huyo, wanamwita bata asiyeweza kutembea vizuri, tena hata marais wao huitwa hivyo muhula ukikaribia kwisha. Nilipompelekea Mama Njeri habari hiyo jikoni, aliweka mwiko chini akafikiri sana. Akauliza, huyo bata, wenzake wanamfanya nini? Akasema Wazungu wamekosea kumtazama bata, wangetazama wale waliokuwa wanamfuata nyuma, wanaenda wapi sasa. Tulicheka, Njeri akacheka mpaka akapaliwa na chai. Nimelikumbuka swali hilo mara nyingi kuliko mambo mengi niliyosoma vitabuni.

Maana mwaka ule haukuwa wa kucheka. Kura ya vyama vingi ilikuwa inakuja, na kila mtu alikuwa anaulizwa kwao ni wapi, hata ambaye babu yake amezikwa nyuma ya nyumba. Upande wa mpakani nyumba zilikuwa zimeanza kuchomwa. Familia za jirani zilizokuwa zimetoka upande wa kati zilipakia vitanda na kuku zikaenda Nakuru, moja baada ya nyingine, wakisema wanakwenda kutembelea ndugu. Mama Njeri alitaka waende pia. Alilisema kila jioni, bila kupandisha sauti, huku akikoroga chungu. Mumewe alimjibu jibu moja tu, nami nilikuwa nimeketi pale na sahani mapajani.

"Twende wapi na ng'ombe ya mwenyewe iko hapa?" alisema. "Hii si yangu ya kuacha. Na bora iko kwa hiyo banda, hakuna mtu ataleta moto hapa."

Na ilikuwa kweli. Kila mtu pale alijua ng'ombe yule ni wa nani. Hakuna kijana wa Kipsigis angethubutu kuchoma boma lenye ng'ombe wa naibu wa chifu. D.O. alikuwa ndiye askari wao, wa pekee, naye hakujua.

Sasa Kiprono, mwana wa arap Mitei, alikuwa anaoa. Mzee anayestaafu, mwanawe anaoa, hukusanya ng'ombe wake aliowasambaza kwa marafiki, ndivyo inavyokwenda kwetu, na arap Mitei aliwakusanya wote. Alimtaka na D.O., kwa sababu wakwe walikuwa watu wa kuchagua na yeye alitaka kuanza mahari na ng'ombe wa kutazamika. Alikuja Jumamosi akamwomba Baba Njeri, na Baba Njeri akafurahi kuliko mwenye harusi. Alimsugua D.O. kwa brashi na maji ya moto. Mama Njeri alinung'unika juu ya maziwa ya watoto wa jirani, lakini alimfunga utepe shingoni. Arap Mitei akaahidi mtamba badala yake, harusi ikipita. Kisha akampitisha D.O. barabara kuu, siku ya soko, mbele ya watu wote. Hakuwa na nia mbaya hata chembe. Alikuwa anajivunia ng'ombe wake, na mtu mwenye ng'ombe mzuri hampitishi vichochoroni.

Jumatatu nilikuwa kwenye foleni ya kinu cha kusaga, na mbele yangu walikuwapo wanawake wawili wakiongea Kikipsigis bila kunijali, maana nilikuwa mmoja wao. Mmoja alisema arap Mitei amemwondoa ng'ombe wake kwa yule Mkikuyu. Mwenzake akasema, basi ameshamwondolea mkono. Wa kwanza akasema hapana, pengine ni wa harusi. Yule mwingine akajibu kwamba mwenye ng'ombe wengi hivyo hawezi kukosa mwingine wa harusi. Mzee anajua jambo linakuja na ametoa mali yake mapema. Walisema bila chuki, kwa sauti ya watu wanaokadiria kama mvua itanyesha. Niliubeba unga wangu nikarudi karibu nikikimbia, nikamweleza Mama Njeri, naye akaketi kwenye gunia la viazi akaniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyemwondoa yule ng'ombe.

Arap Mitei alipoambiwa, kwanza alicheka. Ng'ombe wa harusi ni ng'ombe wa harusi, alisema, atalieleza kwenye baraza. Aliitisha baraza siku ya Jumatano chini ya ukuta wa ofisi yake. Nilikwenda na darasa langu la nane, kwa sababu hedimasta aliogopa hakutakuwa na watu, na kweli hakukuwa na watu. Wazee wachache walikuja, na wanawake waliokuwa wanapita kwenda mtoni. Alisimama katika khaki yake iliyopigwa pasi, akasema kwamba Baba Njeri ni rafiki yake, kwamba ng'ombe ametoka kwa sababu ya mahari tu, na kwamba mtu atakayegusa boma lile amemgusa yeye. Alisema vizuri. Zamani maneno hayo yangefika bondeni kabla yeye hajaketi. Nilimwona mzee mmoja wa nyuma akiitikia kwa kichwa, kisha akamgeukia mwenzake akasema polepole yale maneno mawili, kofia tu, akatikisa kichwa kwa masikitiko, wakaondoka.

Hapo ndipo arap Mitei alipoogopa. Kesho yake asubuhi alimfungua D.O. na kumrudisha mwenyewe. Hakumtuma mtu. Tulikuwa kwenye gwaride shuleni tukamwona akipita barabarani, amevaa sare kamili, kofia kichwani, fimbo kwapani, kamba mkononi, na D.O. nyuma yake hataki kuharakishwa. Alipita sokoni, akapita kinuni, akapita mbele ya kanisa, akisalimia watu wote kwa majina ili wamwone. Watoto wangu walicheka, nami sikuwakemea, maana kwa kweli ilichekesha. Nilisikia baadaye kwamba hata sokoni watu walicheka. Mzee amechanganyikiwa, walisema, leo anatoa ng'ombe, kesho anarudisha. Lile tendo la kwanza, ambalo hakulikusudia, wote walilielewa. La pili, ambalo alilikusudia kwa moyo wake wote, hakuna aliyelisoma.

Siku chache baadaye tulitoa watoto shuleni mapema kwa sababu moshi ulikuwa umeonekana ng'ambo ya msitu. Nilirudi mbio. Mama Njeri na Njeri walikuwa wameshatumwa kwenye uwanja wa kanisa, pamoja na wanawake wengine. Arap Mitei alikuwa ameketi mbele ya duka kwenye kiti cha mbao, katika sare, fimbo imelala magotini. Baba Njeri alikuwa amesimama mlangoni na koti lake. Alikuwa tayari kuwafuata wanawake, nililiona hilo. Koti alikuwa amelivaa.

"Kaa ndani," arap Mitei alimwambia. "Ukikimbia watasema hata mimi nimeamini. Nani atapita hapa na mimi nimeketi?"

Baba Njeri alimtazama rafiki yake. Akavua koti, akalitundika kwenye msumari wake, akaingia ndani akafunga mlango. Nikabaki uani, kando ya tangi la maji.

Wakaja mchana kweupe. Wengine sikuwajua, wametoka mbali, wamejipaka udongo usoni. Wengine niliwajua vizuri. Sitasema walikuja kwa ghadhabu. Nilitamani wangekuja kwa ghadhabu. Walitembea. Wawili wakazunguka nyuma moja kwa moja mpaka bandani, wakamfungua D.O., wakamtoa kwa lango la pili, wakamleta mbele barabarani kwa upole, mmoja akimpapasa mgongo ili asiogope moto ambao ulikuwa haujawashwa bado. Kisha kijana mmoja, ambaye arap Mitei alimpigania apate kitambulisho mwaka uliotangulia, akamsogelea mzee pale kitini. Alimsalimia. Alimwinamia kama tunavyoinamia wazee. Akaitoa ile kofia kichwani mwa mzee kwa mikono miwili, akaiweka juu ya nguzo ya uzio isije ikachafuka.

"Mzee, kazi yako umemaliza," alisema. "Enda nyumbani upumzike. Ng'ombe yako tumekutolea."

Arap Mitei alijaribu kusimama wakamkalisha, bila kumuumiza. Alimwita mmoja mmoja kwa jina la baba yake. Waliitikia, kila mmoja aliitikia, halafu wakamwaga mafuta. Mimi waliniambia, Madam, wewe toka, na nikashikwa mkono nikapelekwa barabarani. Kutoka pale nilimwona Baba Njeri akitokea mlango wa nyuma. Kulia kwake kulikuwa na uzio mbovu na njia ya kanisani, karibu tu, na hakukuwa na mtu upande huo. Yeye akakimbilia kushoto, upande wa banda na lango la pili, ambako wale vijana walikuwa wamesimama. Nilipiga kelele jina lake. Mshale ulimpata kabla hajafika bandani. Wanaume wa kanisa ndio waliomwokota, wakampandisha kwenye lori lililokuwa linawachukua watu kwenda Nakuru, na Mama Njeri na Njeri wakapanda naye. Hakufika. Sikuaga mtu. Blanketi tulilokuwa tukigombania liliungua pamoja na chumba, na kwa muda mrefu hilo blanketi ndilo lililonitesa, kwa sababu usiku wa kuamkia siku ile nililivuta lote nikamwacha Njeri na baridi.

Mwaka uliobaki niliumaliza kwa sababu sikujua la kufanya. Nilihamia kwa mwalimu mwenzangu. Mwezi wa sita naibu mpya wa chifu akaja, kijana mwenye sauti, na akina mama wa bondeni wakaanza tena kuzika mitungi. Arap Mitei hakwenda kwenye karamu yake ya kuagwa. Kiprono alioa kwa ng'ombe wengine. D.O. alikuwa amefungwa langoni kwa arap Mitei siku ileile ya moto, amerudishwa salama na kamba yake, na mkewe aliniambia kwamba mzee hakuonja maziwa yake tena. Aliamuru yapelekwe kwa majirani, na majirani wakayanywa. Nilimtembelea mara moja kabla ya kurudi Boito. Alinikaribisha vizuri, akaniuliza habari za kwetu na bei ya chai. Nilipoinuka alinishika mkono akasema, "Mimi nilimwambia avue koti." Nilimwambia hakujua. Akasema, "Nilijua. Kila mtu aliniambia, na mimi nikajifanya ni mzaha."

Ijumaa nilikwenda kumzika. Mbunge alituma mwakilishi, na mwakilishi akasema marehemu aliitumikia serikali mpaka siku yake ya mwisho. Kofia yake ilikuwa juu ya jeneza, imepigwa brashi. Waliokaa mstari wa mbele ni wazee wa umri wangu, na wawili kati yao niliwaona siku ile wakiwa vijana wenye udongo usoni. Walilia. Nasema kweli, walilia machozi ya kweli, walimpenda. Sikula chakula cha mazishi. Nilitoka nikatembea mpaka barabarani, mahali palipokuwa duka, ambapo sasa kuna shamba la viazi la mtu, na nikampigia Njeri simu.

Namba yake niliipata miaka michache iliyopita kupitia akina mama wa kanisa. Ni muuguzi aliyestaafu, anaishi Nakuru, mama yake alikufa zamani. Tunasalimiana Krismasi, tunaulizana wajukuu, na mwaka ule hatuutaji. Nilimwambia arap Mitei amezikwa leo. Akasema Mungu amlaze. Nikafikiri tumemaliza.

"Nikuulize kitu, Cherono," alisema. "Ile ng'ombe. Ilichomeka?"

Nilimwambia hapana, D.O. hakuchomeka, aliishi miaka mingi na akazaa.

"Kwa sababu Baba aliuliza. Kwa lori, yote alikuwa anauliza ni hiyo. Alisema ng'ombe ya mwenyewe itaungua ndani, alikuwa anaenda kuifungulia, hakufika. Mama alimwambia imefunguliwa, lakini Mama alisema tu. Hakuwa anajua." Sauti yake ikawa ndogo. "Nani aliifungulia?"

Nilikuwa nimesimama kwenye ukingo wa shamba la viazi, viatu vya mazishi vimejaa udongo. Miaka yote hiyo nilikuwa nikijiuliza kwa nini alikimbilia kushoto.

"Wao," nilisema. "Waliifungua kwanza, kabla ya kila kitu. Alipotoka, Njeri, banda lilikuwa tupu."